Namna ya Kula Matunda na Mboga Mbichi kwa Mafuta Kidogo Ukiwa Kigoma

Ulaji unaozungumziwa hapa ni wa mtu anayepata chakula chake chote, au sehemu yake kubwa, kutoka katika matunda yaliyoiva na mboga ambazo hazijapita motoni, huku mafuta ya kila namna yakiwekewa mpaka. Walioueneza huko Marekani huufupisha kwa tarakimu 80/10/10, wakimaanisha kwamba katika kila kalori 100 anazokula mtu, zisizopungua 80 zitoke kwenye wanga, zisizozidi 10 kwenye protini, na zisizozidi 10 kwenye mafuta. Mkoani Kigoma, ambako mawese huingia karibu katika kila sufuria, na ambako mtu akila matunda peke yake huonekana bado hajala, anayetaka kuujaribu ulaji huu anahitaji maelekezo yanayolingana na soko lake, maji yake na msimu wake.

Kabla hujanunua hata chana moja ya ndizi, angalia kwanza kama umo miongoni mwa watu ambao ulaji huu hauwafai. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto na kijana ambaye bado anakua, mtu aliye na uzito pungufu au upungufu wa damu, na mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza VVU ambaye ameambiwa ale vizuri, hao wote waendelee na mlo kamili uliopikwa na kuyaongeza matunda juu yake. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari asibadili chochote bila daktari wake, kwa kuwa dawa hupimwa kulingana na chakula. Mwenye figo dhaifu yuko katika hatari kubwa zaidi: ndizi, parachichi na nyanya zina potasiamu nyingi, figo iliyochoka haiwezi kuitoa, nayo ikirundikana katika damu huvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia warfarini kwa ajili ya kuzuia damu kuganda naye akumbuke kwamba majani ya kijani yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, jambo la kwanza kulijua ni wingi. Kinachowarudisha wengi nyuma kabla wiki ya kwanza haijaisha ni njaa, na njaa hiyo inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Gramu 100 za tikiti maji zina kalori zipatazo 30, papai 43, nanasi 50, embe 60, na ndizi mbivu 89, ilhali gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya kalori 300. Mtu aliyezoea sahani ya ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga, akaibadilisha kwa vipande viwili vikubwa vya tikiti, hajafikia hata theluthi ya kile alichokiacha, na ifikapo saa tisa alasiri atakuwa anatetemeka mikono na kuwagombeza watoto bila sababu. Kwa hiyo tikiti na papai zihesabiwe kuwa vinywaji vyenye sukari kidogo, na nguzo ya mlo iwe ndizi, ikisaidiwa na embe wakati wa msimu wake.

Tuchukue siku moja ya mtu anayehitaji kalori 2,000. Asubuhi anakula gramu 500 za nyama ya papai pamoja na ndizi mbivu 4 za ukubwa wa mtwike wa wastani. Mchana anakula ndizi 6 nyingine na maembe mawili makubwa, ambayo yakishamenywa na kutolewa kokwa hubaki na gramu zipatazo 400. Saa kumi anakula nusu kilo ya nanasi lililomenywa. Jioni anakaa na bakuli kubwa la nyanya gramu 300, tango gramu 200, kabichi iliyokatwa nyembamba gramu 200, karoti moja kubwa iliyoparuzwa, majani ya saladi kiasi apendacho, ndimu, na nusu ya parachichi. Jumla yake inakaribia kalori 2,000 na chakula chenyewe kina uzito wa kilo tatu na nusu hivi baada ya kumenywa, kiasi ambacho tumbo lililozoea milo miwili ya ugali haliwezi kukipokea siku ya kwanza. Mvuvi anayekesha ziwani au mkulima anayelima kwa jembe la mkono anahitaji zaidi ya hapo, na ndizi 5 au 6 za ziada ndiyo njia rahisi ya kufikia mahitaji yake. Anayekula zile ndizi ndogo ziitwazo kisukari badala ya mtwike ahesabu ndizi mbili kwa mtwike moja.

Kwa sababu ya wingi huo, ingia taratibu. Wiki ya kwanza badilisha mlo wa asubuhi peke yake, wiki ya pili au ya tatu ongeza wa mchana, na ukiona gesi inajaa au choo kinakuwa laini kupita kiasi, simama hapo ulipo mpaka utumbo uzoee nyuzinyuzi. Kula matunda kabla ya mboga, tafuna vizuri, wala usiyasage yote kuwa juisi, kwa maana juisi iliyochujwa huacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kuipeleka sukari katika damu kwa kasi kuliko tunda lenyewe.

Ununuzi wa ndizi unataka mpango kuliko ununuzi wa tunda jingine lolote. Sehemu kubwa ya ndizi zinazouzwa mjini huteremka kutoka miinuko ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo, na anayenunua mkungu mzima kwa mwenye kuzileta hupata nafuu kuliko anayenunua chana moja moja sokoni Mwanga au Ujiji. Tatizo la mkungu ni kwamba huiva kwa pamoja, ukala kwa pupa siku tatu na kutupa siku ya nne. Dawa yake ni kununua kwa zamu: chana zilizoiva za kuliwa leo na kesho, chana zilizoanza kugeuka njano za katikati ya wiki, na chana za kijani zilizokomaa za kuvundika. Kuvundika hakuhitaji moto wala dawa. Zifunike ndizi katika gunia safi au majani makavu ya mgomba ndani ya ndoo au kapu, weka humo papai moja lililoiva, kwa kuwa tunda linaloiva hutoa gesi inayoyaamsha matunda mengine, na ufunue kila siku kuangalia. Ndizi ya kuliwa ni ile yenye madoadoa ya kahawia kwenye ganda, maana hapo wanga wake umeshageuka sukari. Ile ya njano yenye ncha za kijani bado ina wanga mgumu, na mtu akila sita za namna hiyo tumbo litamnguruma usiku kucha. Ndizi za kupika, kama mzuzu na mkono wa tembo, ziache kwa wapishi.

Maembe yana msimu, na kwa mikoa ya magharibi mavuno yake makubwa huwa katika miezi ya mvua, kuanzia karibu na Novemba hadi mwanzoni mwa mwaka. Hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Ujiji thamani ya mwembe, mji ambao hata mkutano wa Henry Stanley na David Livingstone mwaka 1871 husimuliwa kwa kuonyesha mwembe. Jambo la kuangalia ni utomvu: lioshe embe, likate kikonyo na kuacha utomvu udondoke kabla ya kulimenya, kwa sababu unababua midomo. Msimu ukipita, rejea kwenye ndizi, papai, nanasi, machungwa na mapera. Pera ni tunda linalodharauliwa kwa kuwa linaokotwa bure, nalo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa.

Kwa upande wa mboga, si kila inayoliwa ikiwa imepikwa inaweza kuliwa ikiwa mbichi, na hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Muhogo mbichi na kisamvu kibichi vina chembechembe zinazozalisha sianidi mmea unapotafunwa au kupondwa, na zile desturi za bibi zetu za kuloweka, kuanika, kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu zilikuwa njia za kuiondoa sumu hiyo. Wapo wanaotafuna muhogo mtamu mbichi shambani na wasione madhara, ila utamu wa kipande kimoja si dhamana ya kipande kinachofuata, na mtu aliyeufanya mlo wa kila siku kuwa wa vitu vibichi asiuguse. Maharage, fahari ya Kasulu na Kibondo, yana sumu aina ya lektini ambayo huondolewa na mchemko mkali tu, na punje chache mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Magimbi mabichi huchoma koo. Mnavu na matembele vipikwe. Viazi mviringo vipikwe pia, hasa vilivyoanza kuwa na rangi ya kijani, ambavyo ni bora kuvitupa. Zinazobaki ni nyingi za kutosha: nyanya, tango, karoti, kabichi, pilipili hoho, saladi, kitunguu, bamia changa, giligilani. Mchicha na spinachi viliwe vibichi kwa kiasi kidogo, kwa kuwa vina oksaleti, inayozuia mwili kuchukua kalisi na kuwaletea baadhi ya watu mawe ya figo.

Sasa maji, jambo ambalo waandishi wa nchi zenye mabomba ya uhakika hulitaja kwa nusu sentensi. Moto wa jikoni kwetu umekuwa kinga kubwa kuliko tunavyoukumbuka. Anayeuacha amejivua kinga hiyo, na anaishi kando ya ziwa ambako kipindupindu si habari ya vitabuni. Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilicho ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, kilikumbwa na kipindupindu wakati maelfu ya wakimbizi walipokusanyika pale. Homa ya matumbo, amiba na mayai ya minyoo husafiri kwa njia hiyo hiyo ya maji machafu na mikono michafu, na jani la saladi lililomwagiliwa maji ya mfereji ni chombo kizuri sana cha kuyabeba yote.

Kwa hiyo usioshe mboga kwa maji yaliyochotwa ziwani au kisimani moja kwa moja. Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, yaache yachemke kwa dakika moja au zaidi, yapoze katika chombo chenye kifuniko, au yatibu kwa vidonge vya klorini kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti. Nawa mikono kwa sabuni. Suuza tope kwanza, kisha tenganisha majani ya saladi na kabichi moja moja na uyaoshe pande zote kwa maji hayo safi yanayomiminwa, siyo kwa kuyachovya yote katika beseni moja, kwa sababu beseni huhamisha uchafu wa jani moja hadi kwa mengine. Majani mawili matatu ya nje ya kabichi yatupe, kwa ajili ya udongo na pia kwa ajili ya dawa za kuua wadudu. Karoti na tango zimenywe. Hata tunda utakalolimenya lioshwe kwanza, kwa kuwa kisu hupitisha uchafu wa ganda ndani ya nyama. Nanasi na tikiti ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Vipande vya tikiti na mananasi vilivyokatwa tayari na kupangwa barabarani, hata vikifunikwa kwa nailoni, vipite tu. Kunapotangazwa mlipuko wa kipindupindu katika wilaya, acha saladi kabisa, kula matunda unayoyamenya mwenyewe, na mboga zirudi jikoni hadi tangazo liondolewe.

Kuhusu mafuta, sehemu ya kumi ya kalori 2,000 ni kalori 200, na kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina kalori 9, mtu huyo anaruhusiwa gramu 22 kwa siku. Matunda na mboga za siku niliyoieleza huleta gramu 8 hivi zenyewe, na nusu ya parachichi la wastani huleta 11, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina gramu 14, na konzi ndogo ya karanga yenye gramu 30 ina kama 15. Chagua kimoja kwa siku: nusu parachichi, au karanga chache, au vijiko viwili vya ufuta au mbegu za maboga. Usiyafute mafuta yote kwa kufikiri kwamba yakipungua zaidi faida itaongezeka, kwani vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta, na ile rangi ya chungwa ya karoti na papai, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, sehemu yake kubwa itapita bila kukusaidia kama bakuli halina mafuta hata kidogo. Bila shaka mawese nayo yana rangi hiyo kwa wingi. Ni kwamba kiwango chake cha mafuta hakikai pamoja na ulaji huu.

Wapo wanaoutetea ulaji huu kwa kusema kwamba ndiyo asili yetu, na kwamba ndugu zetu sokwe wanaishi kwa matunda na majani. Hoja hiyo haifai kutolewa mbele ya mtu wa Kigoma. Hifadhi ya Gombe iko kaskazini tu mwa mji, na ni hapo ambapo mtafiti wa sokwe, marehemu Jane Goodall, aliona mwaka 1960 kwamba sokwe wanakula nyama. Huwinda mbega wekundu, huvua mchwa kwa vijiti, na hupenda chikichi, ambazo zimejaa mafuta. Zaidi ya hayo utumbo mpana wa sokwe ni mkubwa kuliko wetu kwa kulinganisha na mwili, hivyo anaweza kupata nguvu katika majani magumu ambayo sisi tunayatoa kama yalivyoingia.

Tuutazame basi ulaji huu kwa kile unachokikosa. Siku niliyoipanga hapo juu ina protini gramu 30 hivi, wakati mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji zipatazo 48, yaani gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Vitamini B12 haimo kabisa katika matunda wala mboga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na kwa kuwa ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, upungufu huja polepole, ukianza na uchovu, ganzi ya miguu na usahaulifu, wakati mwenyewe ameshajiaminisha kwamba chakula chake hakina kasoro. Asiyekula chochote chenye asili ya mnyama lazima ameze vidonge vya B12, na ahakikishe duka la dawa linavyo kabla ya kuanza. Madini ya chuma, zinki na kalisi nayo hupungua. Jingine linalosahauliwa ni madini joto: anayeacha chakula cha kupika huacha na chumvi, na upungufu wa madini joto huleta rovu. Basi nyunyiza chumvi kidogo kwenye kachumbari, iwe imetoka Uvinza au kwingineko, ila pakiti iwe imeandikwa kwamba ina madini joto.

Kwa maoni yangu, ulaji mbichi mtupu ufanywe kwa majuma machache tu, na anayetaka kuuendeleza kwa muda mrefu ale matunda mabichi tangu asubuhi mpaka jua linapokaribia kuzama, kisha jioni aweke pembeni ya bakuli la mboga sahani moja ndogo iliyopikwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, kwa hiyo gramu 30 za dagaa wa Kigoma, waliooshwa vizuri na kuchemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu bila mawese, huziba karibu pengo lote la protini, na pamoja nalo huleta B12 na kalisi ya mifupa yao. Maharage yaliyochemshwa yakaiva huwafaa wasiokula samaki, ingawa hayaondoi haja ya vidonge. Mpango huu unamrahisishia mtu pia maisha ya nyumbani, kwani anakaa na wenzake kwenye mkeka wakati wa chakula cha jioni, na shangazi aliyekuja kutoka Kasulu hataondoka akidhani mwenyeji wake anaumwa au amegombana na mpishi. Kwenye msiba au harusi kula ulichopewa, kesho yake uendelee.

Meno nayo yanahitaji uangalizi, kwa sababu tindikali ya nanasi, chungwa na ndimu hulainisha ngozi ya juu ya jino. Kula matunda hayo kwa mlo mmoja badala ya kuyadonoa siku nzima, sukutua kwa maji safi, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa.

Jipime uzito kabla ya kuanza, kisha kila wiki kwa mizani ile ile, na ukiweza pima wingi wa damu kwenye zahanati au kituo cha afya, halafu urudie baada ya miezi mitatu. Uzito ukiendelea kushuka baada ya kufikia ule unaokufaa, hedhi ikikatika, nywele zikinyonyoka, mwili ukihisi baridi wakati wengine wanatokwa jasho, au ganzi ikianza vidoleni, acha ulaji huu na umwone daktari. Kurudi kwenye chakula cha kupika kufanywe kwa hatua vilevile: uji na viazi vitamu kwanza, dagaa na maharage kidogo siku zinazofuata, na mawese mwishoni, kwa kijiko kidogo, kwa kuwa tumbo lililokaa wiki nyingi na mafuta machache huweza kuharisha likipewa mchuzi mzito kwa mara moja.